Sol Plaatje: Mkalimani na daftari lake

Solomon Tshekisho Plaatje anakumbukwa Afrika Kusini kwa mambo mengi. Alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, mhariri wa magazeti, mtunzi wa riwaya na mfasiri wa tamthilia za Shakespeare. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa karani wa mahakama mwenye umri wa miaka 23, aliyekuwa na mazoea ya kuandika katika daftari yale aliyoyaona na kuyasikia kazini.

Daftari hilo, aliloliandika kati ya Oktoba 1899 na Machi 1900 katika mji uliozingirwa wa Mafikeng, halikumpatia cheo wala fedha. Mwenyewe hakulichapisha. Lilipotoka kama kitabu mwaka 1973, alikuwa amekwisha kufa miaka 41. Hata hivyo, mtu akitaka kujua mhariri na mtetezi yule alitokea wapi, hana budi kuanzia katika kurasa hizo.

Tarishi wa Kimberley

Plaatje alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1876 katika wilaya ya Boshof, kwenye eneo lililokuwa jamhuri ya Makaburu ya Orange Free State. Wazazi wake walikuwa Barolong, mojawapo ya koo kubwa za Watswana, nao walikuwa Wakristo wa kizazi cha pili au zaidi. Alikulia Pniel, karibu na mto Vaal, kwenye kituo cha wamisionari wa Kijerumani wa Berlin, akachunga mifugo na kusoma katika shule ya misheni. Elimu yake rasmi haikuvuka madarasa ya msingi. Mke wa mmisionari ndiye aliyemwongezea masomo ya Kiingereza na muziki nje ya saa za darasa.

Mwezi Machi 1894 alikwenda Kimberley, mji wa machimbo ya almasi, akaajiriwa na posta kuwa tarishi wa kupeleka simu za maandishi. Kazi hiyo ya kutembea mlango kwa mlango ilimkutanisha na watu wa kila lugha. Kimberley ilikuwa na tabaka dogo la Waafrika wasomi, makarani, walimu na wachungaji, waliokuwa na vyama vya midahalo, kwaya na timu za kriketi. Huko Plaatje alijinoa kwa Kiingereza, akaitazama Hamlet ikichezwa jukwaani, na kuanza mapenzi na Shakespeare ambayo hayakukoma hadi kifo chake.

Mwaka 1898 alimwoa Elizabeth M'belle, dada wa mkalimani maarufu wa mahakama, Isaiah Bud-M'belle. Bibi harusi alikuwa wa jamii ya Wamfengu, wasemaji wa Kixhosa, na bwana harusi Mtswana. Ndoa ya makabila mawili haikupokewa kwa urahisi na wazee wa pande zote mbili. Mtoto wao wa kwanza walimwita St Leger, jina la mwanzilishi wa gazeti la Cape Times. Mwingine, aliyezaliwa miaka mingi baadaye, aliitwa Johannes Gutenberg, kwa heshima ya baba wa uchapaji. Mapenzi ya wino yalifika hadi kwenye majina ya watoto.

Sauti za watu wengine

Mwishoni mwa mwaka huo wa 1898 Plaatje alihamia Mafikeng, mji mdogo wa mpakani uliokuwa chini ya koloni la Cape, akawa karani na mkalimani katika ofisi ya hakimu Charles Bell. Alikuwa akimudu Kitswana, Kiingereza, Kiholanzi, Kijerumani, Kisotho, Kixhosa na Kizulu.

Kazi ya mkalimani wa mahakama ni ya ajabu kidogo. Kutwa nzima anazungumza, wala hasemi neno lake mwenyewe. Shahidi akisema ameibiwa, mkalimani husema nimeibiwa. Hakimu akimhukumu mtu kifo, mkalimani ndiye anayemtamkia mshitakiwa hukumu hiyo kwa lugha ya mama yake. Akikosea neno moja, asiye na hatia aweza kufungwa. Plaatje aliiheshimu kazi hii, na miaka kadhaa baadaye aliandika insha nzima kueleza jinsi haki ya Mwafrika mbele ya hakimu Mzungu inavyotegemea ulimi wa mtu wa katikati.

Lakini kazi hiyo ilimnyima nafasi ya kusema alichokifikiri. Aliyeona yote na kuelewa lugha zote alitakiwa asiwe na maoni. Hapo ndipo thamani ya daftari ilipokuwa. Mahakamani alikuwa chombo cha kupitishia maneno ya watu wengine. Kwenye daftari alikuwa shahidi kwa jina lake.

Siku 217

Oktoba 1899 vita vilizuka kati ya Uingereza na jamhuri mbili za Makaburu. Mafikeng ilizingirwa kuanzia tarehe 13 mwezi huo, na haikukombolewa hadi tarehe 17 Mei 1900, baada ya siku 217. Kamanda wa Waingereza, Kanali Robert Baden-Powell, alitoka humo akiwa shujaa wa dola nzima, na baadaye akaanzisha chama cha maskauti ambacho mamilioni ya watoto, wakiwamo wa Afrika Mashariki, wamekipitia.

Plaatje alianza kuandika tarehe 29 Oktoba, wiki mbili baada ya mji kufungwa. Elizabeth na mtoto walikuwa Kimberley, mji ambao nao ulikuwa umezingirwa. Alikuwa peke yake, na kazi zilikuwa zimeongezeka. Mbali na ofisi ya hakimu, alifasiri katika mahakama ya kijeshi iliyokuwa ikitoa hukumu za haraka, zikiwamo za kifo. Aliwaandalia wakuu taarifa kuhusu hali ya Waafrika mjini. Alisaidia kuwapata matarishi wa Kiafrika waliopenya usiku katikati ya walinzi wa Makaburu wakiwa na barua. Na kwa kuwa alijua kupiga taipu, waandishi wa habari wa Kiingereza waliokwama mjini, akiwamo Vere Stent wa shirika la Reuters, walimtumia kuchapa habari zao.

Kwa hiyo kila siku mikononi mwake zilipita sauti za hakimu, za wanajeshi, za waandishi na za washitakiwa. Baada ya hapo alilifungua daftari na kuandika yake.

Aliandika hasa kwa Kiingereza, lakini akachanganya Kitswana, Kiholanzi na lugha nyingine kila zilipomfaa. Mtu anayeandika kwa ajili ya bosi huchagua lugha ya bosi. Anayejiandikia huchukua neno lililo karibu na moyo, na ndiyo maana mzinga mkubwa wa Makaburu, ambao Waingereza waliupa majina yao, kwake ni Sanna, kama ulivyoitwa na Barolong.

Mengi aliyoyaandika ni mambo madogo: idadi ya makombora ya siku, mvua iliyojaza mahandaki, homa iliyomlaza, Jumapili ambazo pande zote mbili ziliacha kupigana. Aliandika pia kwa utani, hata juu ya hatari iliyokuwa ikipita kichwani mwake, na alizifananisha sauti za bunduki na muziki, kama ilivyotarajiwa kwa mtu aliyependa kwaya. Krismasi ilipofika aliwawaza mkewe na mwanawe waliokuwa mbali.

Yale yasiyopelekwa London

Mizinga ilipozoeleka, njaa ilichukua nafasi yake. Chakula kiliwekwa chini ya amri ya jeshi, na mgao wa Waafrika ulikuwa duni kuliko wa Wazungu. Walipikiwa supu ya nyama ya farasi na uji wa makapi ya nafaka. Barolong wenyeji walikuwa angalau na mashamba, mifugo na jamaa. Walioteseka zaidi ni wageni, wakiwamo wafanyakazi waliofukuzwa kutoka machimbo ya Johannesburg vita vilipokaribia, wakakwama Mafikeng bila ndugu wala akiba.

Plaatje aliwaona kwa sababu kazi ilimpeleka walipokuwa. Ameandika alivyozungukwa na kundi la watu wenye njaa waliokuwa wakiomba, na mmoja wao akaanguka na kufa mbele ya macho yake. Ameandika kuhusu watu waliokufa mlangoni mwa majiko ya supu, na kuhusu wezi wa mifugo na chakula waliosimamishwa mahakamani ambako yeye mwenyewe alikuwa mkalimani. Ameandika pia kuhusu vijana wa Barolong waliotoka usiku, chini ya watu kama Mathakgong, kwenda kuteka ng'ombe wa Makaburu na kuwaleta mjini, hata Wazungu waliokuwa wakijitapa kuilinda Mafikeng wakapata nyama.

Habari kama hizi hazikuwa na nafasi kubwa katika simu zilizopelekwa London. Huko ilisimuliwa vita vya Wazungu kwa Wazungu, na Waafrika walitajwa pembeni kama watumishi au majasusi. Shajara ya Plaatje ndiyo pekee inayojulikana kuandikwa na Mwafrika mweusi ndani ya mji ule.

Wala daftari halimpambi mwenyewe. Linamwonyesha kijana aliyeiamini Uingereza, aliyewaheshimu wakuu wake na kukubaliana na baadhi ya hatua zao ambazo wanahistoria wa leo wanazishutumu. Mtu akisimulia ujana wake akiwa mzee, husema alijua tangu mwanzo. Kilichoandikwa siku ile ile hakimruhusu kujipendelea hivyo. Imani hiyo iliyo wazi katika kurasa za mwaka 1900 ndiyo inayompa msomaji kipimo cha uchungu uliokuja baadaye.

Kutoka daftari hadi gazeti

Maandishi ya mwisho ni ya tarehe 30 Machi 1900. Vita vilipoondoka Mafikeng, Plaatje alifanya mitihani ya utumishi wa serikali ya Cape, akaongoza watahiniwa wote katika Kiholanzi na katika kupiga taipu. Lakini ukarani haukumtosha tena. Mwaka 1902 aliacha kazi akawa mhariri wa Koranta ea Becoana, yaani Gazeti la Watswana, lililochapishwa Mafikeng kwa Kitswana na Kiingereza kwa msaada wa fedha za kiongozi wa Barolong, Silas Molema.

Gazeti hilo lilikuwa na tabia zote za daftari lake. Lilikuwa na lugha zaidi ya moja, lilitaja mahali na siku, na liliwaandika watu ambao kumbukumbu za serikali ziliwapita. Fedha zilipokwisha likafa. Mwaka 1910 alianzisha jingine huko Kimberley, Tsala ea Becoana, Rafiki wa Watswana, lililobadilika baadaye kuwa Tsala ea Batho, Rafiki wa Watu. Tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Kiafrika walipokutana Bloemfontein kuunda chama cha kitaifa, John Dube alichaguliwa rais na Plaatje katibu mkuu.

Barabara za 1913

Jaribio kubwa lilikuja mwaka uliofuata. Tarehe 19 Juni 1913 Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ilianza kutumika. Iliwatengea Waafrika, waliokuwa wengi wa wakazi, takriban asilimia saba ya ardhi, na kuwakataza kununua au kukodi nje ya maeneo hayo. Katika Orange Free State ilipiga marufuku utaratibu ambao mkulima Mwafrika alilima shamba la Mzungu kwa maksai na mbegu zake mwenyewe, kisha wakagawana mavuno. Ilibidi ama awe kibarua pamoja na mifugo yake, ama ahame. Wasomaji wa Kenya, wanaokumbuka habari za maskwota katika mashamba ya walowezi, wataelewa haraka maana yake.

Plaatje hakuridhika kuilaani sheria hiyo akiwa mezani kwa mhariri. Majira ya baridi ya 1913 alisafiri kwa treni na kwa baiskeli katika Free State na mipakani mwake, akawahoji watu aliowakuta njiani na mifugo iliyokuwa ikifa. Aliandika majina, mahali, walikotoka, na sharti walilopewa na mwenye shamba. Mojawapo ya aliyoyarekodi ni habari ya familia ya Kgobadi, ambayo mtoto wao mchanga alifia safarini. Wazazi hawakuwa na ardhi ya kumzikia. Walimzika usiku, kwa siri, katika ardhi isiyo yao.

Mwaka 1914 alikuwa mmoja wa wajumbe watano waliokwenda London kuiomba serikali ya Uingereza iifute sheria hiyo. Hawakufanikiwa, na Vita Kuu ya Kwanza ikazuka. Wenzake walirejea nyumbani. Plaatje alibaki, akiishi kwa taabu, hadi kitabu chake, Native Life in South Africa, kilipochapishwa mwaka 1916. Nguvu ya kitabu hicho haiko katika matusi, bali katika maelezo ya mtu mmoja mmoja, siku kwa siku, kama yalivyokusanywa barabarani. Humo alikumbusha pia kwamba Waafrika walishika silaha kwa ajili ya Uingereza katika vita vya Makaburu, jambo aliloliona kwa macho yake Mafikeng.

Mwaka huo huo alitoa mkusanyiko wa methali za Kitswana zaidi ya 700 pamoja na tafsiri zake, na kitabu cha matamshi ya Kitswana alichoshirikiana na mwanafonetiki Daniel Jones wa London. Alirudi Uingereza tena mwaka 1919, akaonana na Waziri Mkuu David Lloyd George, kisha akazitembelea Kanada na Marekani. Alipokuwa ng'ambo, binti yake Olive alifariki dunia nyumbani, na baba hakuwepo kumzika. Sheria ya ardhi ilibaki palepale.

Johannesburg, 1932

Miaka yake ya mwisho aliitumia kuiokoa lugha yake katika maandishi. Tafsiri yake ya The Comedy of Errors kwa Kitswana ilitoka mwaka 1930, sawa na riwaya yake, Mhudi, ambayo ndiyo riwaya ya kwanza ya Kiingereza kutungwa na Mwafrika mweusi wa Afrika Kusini. Tafsiri ya Julius Caesar ilichapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1937, yeye akiwa ameshafariki. Miaka 26 baadaye, mwaka 1963, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia hiyo hiyo kwa Kiswahili. Wote wawili walikuwa na hoja moja: lugha ya Kiafrika haishindwi na wazo lolote.

Plaatje alikufa kwa homa ya mapafu huko Pimville, Johannesburg, tarehe 19 Juni 1932, miaka 19 kamili tangu Sheria ya Ardhi ianze kazi. Jiji alilofia lilikuwa limegawanywa kwa mantiki ya sheria ile. Mitaa kama Malvern, upande wa mashariki, ilikuwa ya Wazungu wa tabaka la wafanyakazi. Pimville, upande wa kusini magharibi, ilitokana na kambi ya Klipspruit, ambako Waafrika walihamishiwa mwaka 1904 baada ya tauni kuzuka mjini. Leo Malvern inakaliwa na watu wa rangi mbalimbali, wakiwamo wahamiaji kutoka nchi nyingi za Afrika. Wahamiaji wa namna hiyo, waliokuja kutafuta kazi Johannesburg na kujikuta hawana ndugu wakati wa shida, ndio aliowaandika Plaatje kijana huko Mafikeng.

Mwili wake ulirudishwa Kimberley kuzikwa.

Daftari lapatikana

Kwa karibu miaka 70 daftari la Mafikeng lilikaa bila kujulikana na umma. Mwaka 1969 mwanaanthropolojia John Comaroff, aliyekuwa akifanya utafiti miongoni mwa Barolong, alionyeshwa maandishi hayo, akayahariri, na yakachapishwa mwaka 1973. Tangu hapo historia ya mzingiro ule imebidi isimuliwe upya. Njaa ya Waafrika, mchango wao katika ulinzi na hukumu walizopewa vimeingia katika vitabu ambavyo awali vilimjua Baden-Powell peke yake.

Mwaka 2014 chuo kikuu kipya kilifunguliwa Kimberley kwa jina la Sol Plaatje, mtu ambaye hakusoma zaidi ya shule ya misheni. Nyumba aliyoishi katika mtaa wa Angel ni sehemu ya urithi wa taifa.

Kwa wanahistoria, daftari lile ni ushahidi. Kwa mwenyewe lilikuwa kitu kingine zaidi. Lilimfundisha kutazama kwa makini kabla ya kuhukumu, kutaja jina na siku, na kuamini kwamba aliyoyaona karani Mwafrika kutoka pembe ya chumba cha mahakama yanastahili kuandikwa. Alipopanda baiskeli mwaka 1913, mafunzo hayo alikuwa ameshayapata. Makarani na wakalimani kama yeye walijaa katika kila ofisi ya kikoloni, kutoka Cape hadi Mombasa. Wengi wao walisikia mengi kuliko mabwana zao, na wachache mno waliacha maandishi.